Maswali ya Umeme Nyumbani: Kabla Hujaibadilisha Breka

Barua nyingi za safari hii zinahusu breka zinazoruka, na karibu zote zinauliza jambo moja: nifanyeje isiruke tena? Tunaomba msomaji aanze na swali jingine: imeona nini hata ikaruka? Hesabu zote hapa ni za umeme wa volti 230.

SWALI: Tumefunga heater ya maji ya kuoga, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Breka ya ampea 20 ilikuwa ikiruka mtu akiwa katikati ya kuoga. Fundi ameweka ya 32 na sasa hairuki. Je, tatizo limekwisha?

Halijakwisha. Limehama kutoka kwenye breka na kuingia ukutani. Msiiwashe heater hiyo mpaka mjue waya uliotumika ni wa unene gani.

Ubavuni mwa heater pana kibandiko chenye wati zake. Tuseme ni wati 7,000. Gawanya kwa 230, unapata ampea 30 na kidogo. Kwa kuwa breka ya awali ilikuwa ya 20, yaelekea waya ni ule wa 2.5 wa soketi za kawaida, yaani milimita za mraba 2.5. Ukiwa ndani ya bomba ukutani, waya huo huhimili ampea 20 hadi 24 hivi, kutegemea ulivyolazwa na nyaya ngapi zimebanana humo. Na joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: kupitisha ampea 30 mahali pa 20 kunazalisha joto zaidi ya mara mbili. Plastiki ya kawaida ya waya imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidishiwa siku baada ya siku hukakamaa, hupasuka ukiikunja, na hatimaye laivu (waya unaoleta umeme) hugusana na nyutro (waya unaourudisha) mahali usipoweza kupaona.

Breka ya 20 haikuwa mbovu. Ndani yake mna kibapa cha metali mbili zilizoshikamanishwa. Kikipata joto, metali moja hutanuka kuliko nyingine, kibapa kikajipinda taratibu mpaka kikafyatua. Ndiyo maana ilichukua dakika kadhaa. Ingekuwa shoti, ingeruka papo hapo, kwa sababu shoti hukamatwa na koili ya sumaku iliyomo humo humo. Hiyo ya 32, kwa viwango vyake, inaruhusiwa kupitisha ampea 36 kwa saa nzima bila kuruka. Breka huchaguliwa ili kulinda waya. Namba yake isizidi kile ambacho waya unaweza kuhimili, hata kama heater inataka zaidi.

Tiba ni kuvuta waya mpya wa 6 kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja hadi kwenye heater, bila kuuchepusha kwenda kwenye soketi yoyote. Hapo breka ya 32 itakuwa halali. Ongeza swichi inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ifungwe nje ya bafu. Waya wa ethi, yaani wa ardhi, ufike kwenye heater bila kukatika, na saketi nzima ipite kwenye RCD ya miliampea 30 (ile breka pana yenye kitufe cha T, tunayoieleza katika swali linalofuata). Waya ule wa zamani ufunguliwe kwenye boksi na ukaguliwe. Ukiona plastiki karibu na skurubu imebadilika rangi au inang'oka vipandevipande, usiutumie tena hata kwa taa.

SWALI: Ile breka pana yenye kitufe cha T inazima nyumba nzima, hasa mvua ikinyesha. Fundi anashauri tuipite tu, yaani nyaya ziungwe bila kupitia kwake. Tufanyeje?

Msiipite. Hiyo ndiyo RCD, na ndiyo kifaa pekee kwenye boksi kinachoweza kumwokoa mtu aliyeshika waya wenye umeme. Inalinganisha mkondo unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata, kwani umeme uliokosekana umepita njia nyingine: bati lenye maji, ukuta mbichi, au mwili wa mtu. Nyingi huruka hata kabla ya kufika 30.

Kumtafuta mkosaji hakuhitaji kifaa chochote. Zima breka ndogo zote, kisha pandisha RCD. Ikikaa, pandisha breka ndogo moja moja. Itakayoiangusha RCD ndiyo saketi yenye mvujo. Sasa nenda kwenye saketi hiyo uchomoe kila kitu, yaani plagi itoke kabisa kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi, na hapa ndipo wengi hupotea: swichi nyingi za soketi hukata laivu tu, nyutro ikabaki imeungwa. Pandisha tena, kisha rudisha chombo kimoja kimoja.

Ikiwa RCD inaanguka hata breka ndogo zote zikiwa chini, usikimbilie kusema imekufa. Breka ndogo nazo kwa kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro ya saketi fulani ikiwa imegusana na ethi, mvujo unaendelea ingawa umeizima saketi hiyo. Fundi azime swichi kuu, achomoe nyutro moja moja kwenye mwamba wake (kipande cha metali ambapo nyutro zote hukutana) na kupima kila moja dhidi ya ethi.

Kwa kuwa kwenu inaruka wakati wa mvua, anzeni na taa za nje, kengele ya getini na soketi za barazani. Fungueni taa ya nje: mara nyingi mtakuta maji yametuama kwenye kikombe chake, konekta imeota ukungu wa kijani, na tundu la waya lilifungwa kwa tepu tu. Kausheni, badilisheni konekta, wekeni kizibo cha mpira panapoingia waya, na toboeni tundu dogo upande wa chini maji yapate pa kutokea. Kisipopatikana kitu nje, wanaofuata ni birika, pasi, oveni na elementi ya kuyeyushia barafu ndani ya jokofu.

Kitufe cha T kibonyezwe kila mwezi, na RCD ianguke mara moja. Lakini kufaulu kwa jaribio hilo hakuthibitishi kwamba ethi yenu ni nzima, kwa sababu kitufe hakiigusi. Ethi hupimwa peke yake, kwa kifaa chake.

SWALI: Plagi ya birika imeungua pini moja na soketi inanuka plastiki, lakini breka haijawahi kuruka. Kwa nini?

Kwa sababu mkondo ni wa kawaida. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, na hizo ndizo breka inazoona. Ubovu upo kwenye maungio: kibanio cha soketi kimelegea, au skurubu haikukazwa. Mguso mbovu wenye upinzani wa nusu omu tu, ukipitiwa na ampea 8.7, hutoa wati 38 za joto. Hiyo ni nguvu ya kile chuma cha kuchomelea risasi cha mafundi redio, imekaa ndani ya plastiki muda wote birika linapochemka. Hakuna breka ya kawaida inayoliona joto hilo. Pua yako ndiyo imeliona, na umefanya vizuri kuandika.

Badilisha soketi na plagi kwa pamoja. Pini iliyoungua huwa na uso wenye mashimo, na itaharibu soketi mpya katika muda mfupi. Zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa mita: pima kwanza mahali unapojua pana umeme, pima soketi, halafu rudi upime pale pa kwanza. Bisibisi ya testa peke yake isiaminiwe, kwani kitaa chake kikifa itakwambia hakuna umeme. Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, menya milimita 10 hivi, ingiza bila kuacha shaba wazi nje ya tundu, kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Ukichomoka, haukuwa umekazwa.

SWALI: Taa ya LED inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa.

Kama swichi ina kitaa kidogo cha kuonekana gizani, mkondo wake mdogo unapita kwenye taa. Haina madhara. Badilisha swichi, au ivumilie. Kama haina kitaa, fundi apime haraka, kwani huenda swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Hapo kishikio cha taa kina umeme hata ikiwa imezimwa, na anayepanda ngazi kubadilisha taa anadhani yuko salama.

SWALI: Tuna umeme wa fezi tatu. Jana taa za sebuleni ziling'aa kupita kiasi, feni ya chumbani ikawa inajikokota, kisha televisheni ikaungua. Ni umeme mwingi?

Dalili hizi mbili zikitokea pamoja, nyutro kuu imekatika au imelegea. Nyutro ndiyo inayohakikisha kila fezi inapata volti 230. Ikiondoka, vyombo vya fezi mbili hujikuta vimeungwa mfululizo kati ya volti 400, na kinachotumia umeme kidogo ndicho hupata volti nyingi. Chukua balbu ya wati 100 kwenye fezi moja na hita ya wati 1,000 kwenye nyingine: balbu itapata kama volti 364, hita itaambulia 36.

Zimeni swichi kuu mara moja. Msianze kuchomoa chombo kimoja kimoja, maana kila mnachokitoa kinabadilisha mgawanyo na kinaweza kuunguza kilichobaki. Fundi akaze nyutro kwenye swichi kuu na kwenye mwamba wake. Kama hapo pazima, tatizo liko kwenye mita au nguzo, na hiyo ni kazi ya wenye mtandao. Kamwe msiweke fyuzi kwenye nyutro.

SWALI: Je, naweza kuingiza umeme wa jenereta ndani kwa kuchomeka kwenye soketi?

Hapana, hata kwa dakika moja. Waya wenye plagi pande zote mbili huacha pini wazi zenye volti 230. Na usipokuwa umezima swichi kuu, umeme wako unatoka hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: umeme wa nyumbani ukiingia chini, unatoka juu ukiwa volti maelfu, kwenye waya ambao fundi wa laini ameambiwa hauna umeme. Funga swichi ya chenji-ova, ile ya kuchagua kati ya umeme wa mtandao na wa jenereta, yenye nafasi ya sifuri katikati, inayokata laivu na nyutro. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwani hewa yake ya sumu haina harufu.

SWALI: Betri ya volti 12, Ah 100, itawasha televisheni ya wati 80 na taa nne za wati 9 kwa muda gani?

Saa nne na kidogo. Betri ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100, ndiyo hiyo Ah), lakini ya risasi na asidi itumie nusu tu, maana ikishushwa zaidi mara kwa mara sahani zake huganda salfa na haijai tena. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, nayo hula kama asilimia 15, zikabaki wati-saa 510. Mzigo wako ni wati 116.

Ukija kuongeza mzigo, kumbuka kwamba wati 1,000 kwa volti 12, ukijumlisha kinacholiwa na inveta, ni karibu ampea 100: zinataka waya wa 25 au 35, mfupi, na fyuzi iliyo karibu kabisa na nguzo chanya ya betri.