Maswali na Majibu: Wakili Anayetaka Ujaji

SWALI: Mimi ni wakili hapa Kisumu kwa miaka 24, umri wangu 57. Kazi yangu kubwa ni kesi za ardhi na mikopo ya benki. Binamu yangu aliye Texas anasema kwao majaji hupigiwa kura. Nataka ujaji papa hapa Kisumu. Nianzie wapi, na je, nifunge ofisi kwanza? – *Wakili, Milimani, Kisumu*

JIBU: Kura waachie wa Texas. Kenya unasubiri tangazo la Tume ya Huduma za Mahakama (JSC), unaomba, unapigwa msasa, unahojiwa hadharani, kisha jina linapelekwa kwa Rais. Katiba, kifungu cha 166, inataka miaka 10 ya tajriba, hata ya uwakili, kwa hivyo huna haja ya kupitia uhakimu. Jaji hustaafu akiwa na miaka 70. Kwa ujuzi wako, tangazo la kuvizia ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ila Kisumu usiitegemee: ukipita, unaweza kupangiwa Lodwar au Garissa.

Vyeti vya kuonyesha huna deni wala doa ni vya KRA (kodi), EACC (maadili na ufisadi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), DCI (upelelezi wa jinai) na Chama cha Wanasheria. Cha DCI unalipia shilingi 1,050 kwenye eCitizen, kisha unachukuliwa alama za vidole. Cha KRA ndicho hukwamisha wengi, kwa sababu ritani moja ya kodi ya miaka ya nyuma ikikosekana, hukipati.

Kazi yenyewe iko kwenye msasa. Majina ya waombaji hutangazwa na umma huombwa maoni, na hapo ndipo mteja uliyemsahau huibuka na barua: bima ililipa fidia yake kupitia kwako, na hajawahi kuona hesabu. Kabla ya kuomba, pitia akaunti ya wateja, ile unayowekea pesa zao, faili kwa faili hadi kila salio lijulikane ni la nani. Halafu tafuta ahadi zote ulizoandikia benki kwamba utawapelekea hatimiliki ikishasajiliwa. Hizo zinakufunga wewe binafsi, hata faili ikienda kwa wakili mwingine. Zitimize, au upate barua ya benki ya kukuachilia.

Ofisi usiifunge. Majina yaliyopendekezwa na JSC mwaka 2019 yalikaa hadi Juni 2021, Rais Kenyatta alipoteua 34. Sita wengine waliteuliwa na Rais Ruto Septemba 2022. Sasa fikiria kodi ya ofisi miaka yote hiyo, bila mteja hata mmoja!

Unachoweza kufanya mapema ni kuacha kupokea kesi za kuburuta na kuingiza mshirika kwenye zilizopo. Wewe kujiondoa kunahitaji ruhusa ya mahakama, chini ya Amri ya 9 ya Kanuni za Kesi za Madai. Mteja akiteua wakili mwingine, notisi inatosha, lakini hukumu ikishatolewa, itabidi kuwe na amri ya mahakama au makubaliano ya maandishi kati yenu mawakili wawili. Faili za aina hiyo zishughulikie kwanza.