Kabla hujashika ule ufunguo wa pipeti

Wadogo zangu wa maabara, wiki hii nimeona mambo mawili. Jumatatu mmoja wenu aliilaza P200, ile pipeti ya kuvuta na kupima vimiminika hadi maikrolita 200, kwenye benchi, bafa (maji yenye chumvi) ikiwa bado ndani ya tipu, ile ncha ya plastiki, akatoka kupokea simu. Jana nikamkuta mwingine ameshika ufunguo wa kurekebishia, anazungusha, ati pipeti "inasoma chini". La kwanza nilinyamaza, nikaisimamisha pipeti kwenye stendi. La pili lilinitoa jasho. Nilijiona mimi mwenyewe miaka tisa iliyopita, kwenye maabara nyingine hapa hapa Dar.

1. Pipeti yenye maji kwenye tipu hailazwi. Maji yanapanda hadi kwenye pistoni, chumvi inakaukia huko, inakwaruza mpira unaozuia hewa, na baada ya mwezi mnakuja kwangu kulalamika kwamba inavuja. Stendi zipo. Zitumieni, jamani.

2. Asubuhi, kabla ya kazi, vuta ujazo wote, ishike wima, hesabu polepole hadi ishirini. Tone likining'inia, badilisha tipu kwanza. Mara nyingi tipu ndiyo haijakaa. Likirudi, fungua, safisha, angalia mpira. Likirudi tena, ibandike karatasi ya "ISITUMIKE" na uniletee.

3. Ufunguo. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini. Nikapewa P10 nne, pipeti za maikrolita 10, nizipime kwa mizani, na nilifurahi mno, kwa sababu kazi ile walikuwa wakiifanya wakubwa tu. Ilikuwa Februari, mnajua joto la Februari. Umeme ulikatika asubuhi, jenereta ikawasha mizani na friji lakini si kiyoyozi, basi nikasogeza feni karibu na benchi. Chombo changu cha kupimia kilikuwa wazi, hakina mfuniko. Maji nilikuwa nimeyatoa kwenye friji dakika kumi kabla. Na nilikuwa naacha mlango mmoja wa kioo cha mizani wazi ili mkono uingie haraka.

Nikaweka maikrolita 10, ambazo kwa maji ni karibu miligramu 10, nikapima mara kumi kama inavyotakiwa. Wastani: miligramu 9.6. Pipeti ya pili, karibu hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne, vile vile. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Pipeti nne za umri tofauti haziwezi kuharibika siku moja kwa kiasi kimoja. Lakini kwenye daftari palikuwa na kikomo cha ISO 8655, kiwango cha kimataifa cha pipeti, kwamba P10 isikosee zaidi ya maikrolita 0.12 ikiwa kwenye ujazo wake wote, na mimi nilikuwa nje kwa 0.4. Nikachukua ufunguo. Nikazungusha mpaka zote nne zikasoma 10, nikabandika stika za tarehe mpya, nikasaini.

Sikuelewa kwamba ufunguo ule unasogeza sifuri. Ukiongeza 0.4 kwenye 10, umeongeza 0.4 kwenye kila namba unayoweka baada ya hapo. Sisi tulikuwa tunaitumia P10 kuweka maikrolita 2 za DNA kwenye PCR, kipimo cha kuzidisha DNA, ya kuhesabu vimelea vya malaria. Mbili ikawa 2.4. Stendadi, yaani sampuli za kulinganishia ambazo kiasi chake kinajulikana, zilikuwa zinawekwa kwenye benchi lingine, kwa pipeti nyingine ambazo sikuzigusa. Kwa hiyo kwa wiki sita kila sampuli ilitoka na vimelea zaidi kwa sehemu moja ya tano, na stendadi zilikaa sawa kabisa, zikitudanganya sote.

Aliyegundua ni dada mmoja aliyekuwa mkuu wetu wa benchi. Alirudia sahani moja ya sampuli kwa pipeti za kule kwenye stendadi, namba zikashuka zote pamoja. Hakunigombeza. Aliniita kwenye mizani, akaweka kile chombo changu chenye maji, akawasha feni kama nilivyokuwa nimeiweka, akaniambia, "Usiguse kitu. Angalia namba." Namba ikaanza kushuka yenyewe. Tarakimu ya mwisho, halafu ya pili yake. Haikufika dakika, karibu miligramu 0.4 ilikuwa imepaa hewani, na hakuna mtu aliyegusa pipeti.

Tulirudia sampuli zote zilizokuwa na DNA iliyobaki. Thelathini na moja hazikuwa na kitu. Hata karatasi za damu kavu zilikuwa zimetobolewa zikaisha. Ilikuwa damu ya watoto, mama zao walikaa foleni tangu alfajiri ili wale watoto watobolewe kidole. Nilizifuta zile namba 31 kwenye jedwali kwa mkono wangu, moja moja. Mpaka leo nikiona stika ya kalibresheni naisoma saini kwanza.

Basi, mambo ni haya. Maji, pipeti na tipu vikae chumba kimoja angalau saa mbili kabla. Feni izimwe, vioo vya mizani vifungwe, chombo kiwe na mfuniko. Tipu mpya ilowanishwe kwanza kwa kuvuta na kutoa. Usisahau kigezo Z, namba ya kugeuza uzito wa maji kuwa ujazo kulingana na joto: maji ya nyuzi 27 yana Z ya 1.0045 hivi, kwa hiyo maikrolita 10 kamili zitasoma miligramu 9.955, na hilo si kosa la pipeti. P10 inataka mizani inayosoma hadi miligramu 0.001, ile yetu ya tarakimu nne za gramu iachieni P1000. Na pimeni ujazo wote, nusu yake na moja ya kumi, maana kosa langu lingeonekana palepale kwenye maikrolita 1.

4. Gliseroli na vimiminika vizito: bonyeza kitufe hadi kituo cha pili, vuta polepole, toa hadi cha kwanza. Kinachobaki kwenye tipu kiache.

5. Pipeti ikianguka, sema siku hiyo hiyo. Sijawahi kumfokea mtu kwa pipeti iliyoanguka. Iliyoanguka ikarudishwa kwenye stendi kimyakimya, hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Ule ufunguo nimeuchukua, uko kwenye droo yangu ya juu. Anayeutaka aje na daftari: vipimo kumi kwa kila ujazo, joto la maji, saa aliyoanza, na jina la mwenzake aliyerudia vipimo kwa mkono wake. Tutakaa wote kwenye mizani, hata kama ni saa kumi na moja jioni na gari la Mbagala linaondoka.