Kasomee Nyasi, Mdogo Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemalizia shahada ya kilimo cha bustani pale SUA, Morogoro, alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nataka kwenda Marekani kusomea nyasi za viwanjani kama ulivyofanya wewe, lakini nyumbani wananicheka. Unanishauri nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kasome. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mko wengi, na kwa sababu kicheko hicho nakifahamu. Siku ya kuagwa, baba mdogo alisimama mbele ya wazee akasema ukoo mzima umejinyima ili mtoto akasomee chakula cha ng'ombe. Ukumbi ulicheka. Mama aliinuka akaenda jikoni, hakurudi mpaka wageni wameondoka. Leo mimi ni msimamizi msaidizi wa uwanja wa gofu wenye mashimo 18 huku North Carolina, nina mafundi ninaowaongoza, na karo ya mwanawe baba mdogo nimeilipa mimi. Hata hivyo, kile kicheko hakijanitoka.

Nilisoma Michigan State University, mjini East Lansing. Chuo kile kina jina katika fani hii. Kombe la Dunia la 1994, mechi za upande wa Detroit zilichezwa Silverdome, uwanja uliofunikwa paa, na FIFA ilitaka nyasi za asili. Watafiti wa chuo, wakiongozwa na Profesa Trey Rogers, walikuza nyasi nje katika vipande vya pembe sita, wakaviingiza ndani na kuviunganisha kimoja baada ya kingine. Ilikuwa mara ya kwanza mechi za Kombe la Dunia kuchezwa ndani ya jengo juu ya nyasi za asili. Ilipokuja zamu ya 2026, utafiti wa nyasi za viwanja vyote 16 vya Marekani, Kanada na Mexico ulikabidhiwa chuo hicho pamoja na University of Tennessee. Anayekwambia hii si elimu, mweleze hayo.

Na usidhani utafundishwa kukata majani. Utasoma kemia, magonjwa ya mimea, wadudu, umwagiliaji, takwimu, na udongo, udongo, udongo. Katika somo hilo la udongo ndipo nilipojua nimefika nilikotakiwa kufika. Mwalimu alisimamisha bomba la kioo mezani. Chini lilikuwa na changarawe, juu yake mchanga uliochekechwa. Akaanza kumimina maji taratibu. Sote tulingoja maji yafike kwenye changarawe yaporomoke. Hayakuporomoka. Yaligota pale mpakani, mchanga ukawa mweusi kwa unyevu, na changarawe chini yake ikabaki kavu kabisa. Aliendelea kumimina, na mchanga uliposhiba ndipo maji ya ziada yakashuka. Vitundu vidogo vya mchanga vinayang'ang'ania maji, na nafasi pana za changarawe haziwezi kuyavuta mpaka yazidi.

Grini za gofu, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo la kutumbukizia mpira, zinazojengwa kwa utaratibu wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, zinategemea jambo hilo: mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi, chini yake changarawe ya sentimita 10. Mvua kubwa ikipiga, maji yanaondoka. Jua likiwaka, mizizi inakuta akiba. Halafu angalia viwanja vyetu vingi wakati wa masika: lango zima ni tope, na kila mtu analaumu nyasi. Hakuna anayeuliza chini yake kuna nini. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: shika somo la udongo kuliko masomo mengine yote.

Wa pili, kafanye kazi. Kila majira ya joto tafuta mafunzo kwa vitendo kwenye uwanja wa kweli, hata ukipangiwa kufukia mashimo kwa mchanga tu. Darasani nilisoma ugonjwa unaoitwa dolaspoti, nikaujibu vizuri kwenye mtihani. Lakini niliufahamu alfajiri moja nikiwa nimepiga magoti kwenye umande. Vilikuwepo viduara vilivyopauka, ukubwa wa sarafu, na juu yake nyuzi nyeupe laini za kuvu ambazo jua likipanda tu zinatoweka. Ukichuma jani moja ukalisogeza machoni, unaona doa la rangi ya majani makavu, limebana katikati, limezungushiwa mstari wa kahawia nyekundu. Aliyechelewa kuamka hazioni nyuzi zile. Kazi hii ni ya alfajiri, na vijana wetu wanaopenda ofisi yenye kiyoyozi waelewe hivyo mapema.

Kuna jambo jingine lililonipa ujasiri wa kusimama mbele ya wenzangu. Ile nyasi iitwayo Tifway 419 iliyotapakaa viwanja vya nchi zenye joto ilitolewa 1960 huko Tifton, Georgia, na ni chotara wa nyasi mbili: ukoka, huu huu tunaoung'oa shambani, na jamaa yake wa Afrika Kusini. Nyasi ya Kikuyu, ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndiyo iliyojaa katika uwanja wa Riviera, Los Angeles, uliopangiwa gofu ya Olimpiki ya 2028. Nilisema darasani kwamba bibi yangu alikuwa akipigana na mmea huo kwa jembe kila msimu, na profesa akaniomba nieleze unavyojikita na unavyorudi. Nilieleza mpaka kipindi kikaisha. Asili ya nyasi hizi ni kwetu, na sisi tunaagiza wataalamu. Hilo linaniuma, na lazima likuume na wewe.

Linaniuma zaidi kwa sababu nilijaribu kurudi. Niliandikia ofisi moja nyumbani, nikaeleza nilichosomea na nilichofanya. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: mtu wa bustani tunaye. Sijaisahau sentensi hiyo. Ila mwezi wa Agosti 2025 CHAN ilichezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na AFCON 2027 tumepewa sisi watatu. Viwanja vipya vilianza kujengwa Arusha, Talanta kule Nairobi, na Hoima kule Uganda. Zege likishakauka, nani atasoma unyevu wa udongo saa kumi na moja alfajiri? Kijana wa Kiafrika, acha kungoja fani zenye heshima. Heshima huletwa na mtu anayeijua kazi yake, na kuijua kazi hii kunaanzia kwenye udongo. Soma udongo.

Sasa la vitendo. Kwa kuwa utakuwa na shahada ya kwanza, omba ya uzamili, kwa maana huko ndiko kwenye nafasi za msaidizi wa utafiti zinazolipa ada na kukupa posho. Usiishie kujaza fomu ya chuo: mwandikie profesa mwenyewe, umtajie utafiti wake mmoja uliousoma na swali ulilobaki nalo. Ukikwama viza au pesa, Penn State, chuo kingine cha Marekani, wanafundisha fani hii kwa intaneti.

Barua hiyo ya kwanza nitumie niipitie kabla hujamwandikia profesa. Pia omba ruhusa uchimbe kidogo pembeni mwa uwanja wa mpira wa hapo chuoni, ufike sentimita 30, kisha uniandikie umekuta nini.