Maswali ya Wasomaji: Kinjeketile Anabadilika Wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tulipewa kazi ya kuchambua namna Ebrahim Hussein alivyomkuza Kinjeketile katika tamthilia yenye jina hilo, iliyotoka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Niliandika kwamba ni jasiri, mwenye busara na mzalendo, na kila sifa nikaitolea mfano. Karatasi ilirudi na alama 7 kwa 20 na maneno ya wino mwekundu: "Hii ni orodha." Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa chuo, Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sifa zako si za uongo, ila zimesimama pale pale. Mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kutunong'oneza kwamba fulani sasa ameingiwa na shaka. Ana maneno ya wahusika, matendo yao, maelekezo ya jukwaani na ukimya. Kwa hiyo usiulize Kinjeketile ni mtu wa namna gani, bali ni wapi anapofika asiweze tena kuwa yule wa mwanzo.

Mimi naona ni baada ya kupagawa kule mtoni. Akiwa amepandwa na pepo Hongo, aliwatangazia watu umoja na maji ya kuwakinga na risasi, na akawaambia pia kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akili zilipomrudia, ni hayo ya mwisho yaliyomkata maini: kumtoa Mjerumani ili aingie Sultani ni ukombozi gani? (Sisi tunaopita kila siku chini ya kuta za Fort Jesus, ngome iliyobadilisha wenyewe mara nyingi, hatuhitaji kufafanuliwa hofu hiyo.) Tangu hapo aliyewapa watu imani ndiye anayeishuku, wala hawezi kuivunja, kwa kuwa ndiyo iliyoyaunganisha makabila. Anawataka wasubiri, nao hawasubiri. Neno alilolizaa limemzidi kimo.

Sasa tazama mtunzi alivyoigeuza historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vichanga, navyo viliendelea hadi 1907. Jukwaani, Hussein anamwacha hai mpaka watu wameshindwa, kisha anamtia kifungoni pamoja na Kitunda, mmoja wa viongozi wa wapiganaji. Wako watakaoliita hilo kosa. Mimi naliona ndilo pigo la ufundi kuliko yote, maana aliyenyongwa mapema hawezi kuulizwa habari za waliokufa kwa neno lake.

Humo kifungoni Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Ukiandika "jasiri" ukaweka nukta, umeishia mlangoni, kwa sababu huyu haamini tena kama walivyoamini wapiganaji wake. Anachokilinda ni kile ambacho watoto wa kesho wataambiwa juu ya wazee wao. Mwanzoni alisema asichokijua, na mwishoni anakijua asichokubali kukisema.

Kabla hujaandika upya, mtafute mwenzio msome onyesho hilo kwa sauti, yeye awe Kitunda, na utie alama kila Kinjeketile anapomjibu swali kwa swali. Aya yako ya kwanza ningependa ianzie hapo kifungoni, ndipo irudi nyuma mtoni.