Kulaza kioo: kalibu sita ndani ya tanuri moja

Maswali ya safari hii yote ni ya kulaza kioo, yaani kukipasha moto mpaka kilegee na kukaa ndani ya kalibu. Vipimo tunavyotaja ni vya kioo cha dirisha cha milimita 4. Kioo cha sanaa hulegea mapema zaidi. Fuata karatasi ya muuzaji.

Asalaam aleikum mafundi. Nikipanga kalibu sita, za katikati hushuka vizuri, za mlangoni hubaki juu kama vifuniko. Nikapandisha hadi nyuzi 740 za Selsiasi, za katikati zikaharibika. (Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam. Umeongeza moto, na kilichopungua ni muda. Kipimajoto husoma sehemu moja tu ya tanuri, na kalibu sita za udongo hunywa joto jingi kabla ya kulingana na namba unayoiona. Panda nyuzi 100 kwa saa hadi 550, subiri dakika 20, kisha nenda 685 ukae hapo dakika 30 hadi 40. Za mlangoni zitapata nafasi ya kuzifikia za katikati, nazo za katikati hazitaharibika, maana kioo kikishagusa kitako hakina pa kwenda. Kwa 740 huchukua alama zote za kalibu na kuteleza kutoka ukingoni.

Mpangilio nao una neno. Acha vidole viwili kati ya kalibu na kalibu, vinne kutoka kwenye waya za moto. Inua kila kalibu sentimita 1 au 2 kwa vipande vitatu vya tofali la moto ili hewa itoke kupitia tundu la kitako. Tundu likiziba, kioo hutoka na nundu. Pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, kiweke juu ya kila kalibu, usiamini rafu. Kuanzia 670 chungulia, miwani ya kinga ikiwa usoni.

Kwenye kupoza, kalibu hushikilia joto chini ya kioo wakati juu kunapoa. Kwa hiyo kaa 550 dakika 45, shuka nyuzi 50 kwa saa hadi 370, ndipo uzime.

Naweza kuchanganya sahani pana na bakuli dogo? (Malindi)

Waweza, unene wa kioo ukiwa mmoja. Kioo kipana hulegea kabla ya chenye upana mdogo kwa kuwa uzito wake unaning'inia mbali na ukingo. Bakuli dogo liweke penye moto mkali, sahani pana mlangoni. Tanuri lenye waya juu peke yake usilipange rafu mbili. Ya chini haitapata kitu.

Chokaa ya matumbawe tunayo tele. Haifai kupaka kalibu kioo kisigande? (Mkomani, Lamu)

Chokaa ni ya ukuta. Ikipita nyuzi 500 hupoteza maji yake na kuvunjikavunjika, unga ukashika kioo. Ikipoa hunyonya unyevu na kubambuka. Nunua unga wa alumina na kaolini (udongo mweupe), sehemu 1 kwa 5 za maji. Paka mara nne au tano kwa brashi laini, kila mara ukigeuza upande, kisha pasha kalibu tupu nyuzi 260 kwa nusu saa. Hewa yetu ya bahari haikaushi kitu, hata ukianika juani.

Stima ikikatika katikati, tufanye nini? (Malindi)

Mlango usifunguliwe. Stima ikirudi kioo kikiwa bado juu ya 550, endelea ulipoishia. Kama kilikuwa kinapanda na kimeshuka chini ya hapo, anza upya polepole, nyuzi 100 kwa saa. Kama kilikuwa kinapozwa na kiko kati ya 550 na 370, kirudishe 550 taratibu, kikae, kishuke tena. Chini ya 370 kiache.

Ukikuta kimepasuka, pitisha macho kwenye ukingo wa ufa. Ukingo ulioviringika umepasuka wakati wa kupanda, kisha moto ukaulainisha. Ukingo mkali umepasuka wakati wa kupoa, na hapo ndipo pa kurekebisha.