Maswali ya Wasomaji: Kalamu ya Tableti au Kipanya?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mitatu nimekuwa nikichora kwenye kompyuta kwa kutumia kipanya. Nimejifunza kuikuza picha mpaka pikseli zake zionekane kama vigae vya sakafuni, kisha kuunga mstari kipande kwa kipande, lakini nywele, majani na mikunjo ya nguo hunitoka ngumu kama waya. Majuzi niliazimwa tableti ya kuchorea isiyo na skrini, yaani ubao mweusi mtupu pamoja na kalamu yake. Siku ya kwanza sikuweza hata kuandika jina langu likasomeka, na siku ya nne nikairudisha kwenye boksi lake. Je, ni kweli kwamba kifaa hiki kinakishinda kipanya? Na kama ni kweli, mbona kazi yangu imekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa?
Mkono Mzito

JIBU: Ndugu Mkono Mzito, itoe tableti hiyo kwenye boksi kabla mwenyewe hajaja kuidai, kwa sababu umeiacha mapema mno. Kilichokushinda si kuchora. Umeishika kalamu kwa mazoea ya kipanya, na vifaa hivi viwili huzungumza na kompyuta kwa namna zisizofanana.

Kipanya huieleza kompyuta mwendo peke yake: kimesogea kiasi gani na kuelekea upande upi. Ndiyo maana kikifika ukingoni mwa meza unakiinua na kukirudisha katikati, na kishale kwenye skrini hakitikisiki. Tableti hushughulika na mahali. Kila sehemu ya ubao ina sehemu yake kwenye skrini, kiasi kwamba ukiigusisha ncha kwenye kona ya juu kushoto, kishale nacho huwa kwenye kona ya juu kushoto. Na ukiinua kalamu ukaishusha upande wa pili, kishale hurukia huko huko bila kupita katikati. Mtu aliyetoka kwenye kipanya huikokota kalamu, huiinua na kuirudisha nyuma, kisha hushangaa kuona mstari umekatika na kuanzia mahali asipopataka. Baadhi ya programu endeshi, yaani zile zinazoiwezesha kompyuta kukielewa kifaa na ambazo mafundi huziita draiva, zina chaguo la kuifanya kalamu itende kama kipanya. Wanaoanza huliona chaguo hilo kuwa msaada. Mimi naliona kuwa mtego, kwa kuwa linafuta faida kubwa ya kifaa, ambayo ni mkono kujua pa kwenda bila kupapasa.

Wengi hulalamika pia kwamba mkono uko mezani ilhali macho yako kwenye skrini. Hilo wewe umekwisha kulimudu zamani, maana hukitazami kipanya chako unapokitumia. Unachokosa ni ramani ya ubao mkononi mwako, na ramani hiyo haipatikani kwa kuchora picha ngumu siku ya kwanza. Kwa wiki mbili hivi, weka kipanya mbali na utumie kalamu kwa kila jambo: kufungua mafaili, kusoma barua pepe, kufunga madirisha. Kazi hizi ndogo huufundisha mkono umbali bila kukutia uchungu wa kuharibu picha uliyoipenda. Pamoja na hayo, tenga dakika chache kila siku kwa zoezi moja la kuchosha lakini lenye tija: weka nukta mbili kwenye ukurasa mtupu, izungushe kalamu hewani juu ya njia itakayopita, kisha ziunganishe kwa mstari mmoja wa haraka. Usiukarabati mstari uliokosea. Futa, uchore mwingine. Mkono unaosogea polepole kwa woga hutetemeka, na tableti huuonyesha kila mtetemeko.

Kabla ya zoezi lenyewe, hakikisha ubao umekaa sambamba na skrini, kwani ukiupinda kidogo tu, mistari unayodhani imenyooka itapanda au kushuka. Kisha fanya jaribio hili: weka sarafu juu ya ubao na uizungushie kalamu. Iwapo skrini inaonyesha yai badala ya duara, uwiano wa upana na kimo cha ubao haulingani na ule wa skrini. Ubao wa 16 kwa 10 uliotandazwa juu ya skrini yote ya 16 kwa 9 hupunguza kimo cha duara kwa sehemu moja ya kumi, na mchoraji asiyejua hilo anaweza kuhangaika kwa miezi akijilaumu kwamba hajui kuchora nyuso. Dawa iko kwenye mipangilio ya programu endeshi, penye chaguo la kulazimisha uwiano ulingane. Utapoteza ukanda mwembamba wa ubao, nao hutaukumbuka.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Kitufe cha kipanya kina hali mbili tu: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Kalamu hupima pia umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na programu ya kuchorea huugeuza mgandamizo huo kuwa unene wa mstari, au ukolezi wa rangi, au vyote viwili. Unywele mmoja huanza mwembamba, hunenepa unapopinda, kisha huishia kwenye ncha isiyoonekana, na yote hayo hutokea kwa mkono mmoja usiosimama. Kwa kipanya ungelazimika kuubuni unene huo baadaye, hatua kwa hatua, na ndiyo maana majani yako yanafanana na waya: waya una unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kalamu nyingi hutambua vilevile mlalo wake, kwa kawaida hadi nyuzi 60, hivyo unaweza kuilaza na kutia kivuli kama mtu atumiaye penseli ya mkaa.

Wala usidhani kwamba kalamu ni pambo lililokuja kumpindua kipanya aliyetangulia. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alikuwa amekwisha kuonyesha katika chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, programu ya Sketchpad, ambayo ndani yake mtu alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Kipanya cha mvumbuzi Douglas Engelbart kilionyeshwa hadharani San Francisco miaka mitano baadaye, Desemba 1968, na kazi yake ilikuwa kuelekeza na kuchagua vitu kwenye skrini. Bado kinaifanya kazi hiyo vizuri sana. Tulikosea sisi tuliokigeuza brashi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua tableti ambayo boksi lake linatangaza viwango 8192 vya mgandamizo, lakini nikikandamiza au nikigusa kidogo tu, mstari hutoka unene ule ule. Nimeuziwa bandia?
Mwenye Shaka

JIBU: Huenda hukuuziwa bandia, Ndugu Mwenye Shaka. Kishale kinaposogea vizuri na mgandamizo usionekane, mara nyingi kompyuta inaichukulia kalamu kuwa kipanya cha kawaida. Ondoa kwanza programu endeshi za tableti nyingine yoyote uliyowahi kuitumia, kwa sababu programu endeshi mbili za watengenezaji tofauti zikikaa pamoja hugombana. Kisha sakinisha ile ya kifaa chako kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, na uiwashe kompyuta upya. Kwenye Windows kuna njia mbili za kupitisha taarifa za kalamu, Wintab na Windows Ink, na programu ya kuchorea isiposikiliza njia ile ile inayotumiwa na tableti, mgandamizo hupotea njiani. Krita, programu ya kuchorea ambayo hupatikana bila malipo, hukuruhusu kuchagua njia hiyo kwenye mipangilio yake, na ina pia sehemu ya kuijaribia kalamu, mahali pazuri pa kujua kama kosa liko kwenye kifaa au kwingineko. Kwenye Mac, programu endeshi haifanyi kazi ipasavyo mpaka uipe ruhusa kwenye mipangilio ya faragha. Yote yakishindikana, kumbuka kuitazama brashi yenyewe: ziko brashi ambazo kwa makusudi hazijali mgandamizo, na nimeona watu wakifungua kifaa kwa bisibisi ilhali tatizo lilikuwa brashi waliyoichagua.

Kuhusu namba iliyoandikwa kwenye boksi, usiiheshimu kupita kiasi. Vidole vya binadamu haviwezi kutofautisha viwango 4096 na viwango 8192. Kinachohisika kweli ni mambo mawili ambayo maboksi huyataja kwa nadra: mguso mwepesi kiasi gani unatosha kuianzisha rangi, na jinsi mgandamizo unavyopanda kuanzia hapo. Hilo la pili unaweza kulirekebisha mwenyewe kwa mchirizi wa mgandamizo uliomo kwenye programu endeshi, yaani mstari unaopanga nguvu ya mkono itoe unene kiasi gani. Mwenye mkono mzito, kama ndugu yetu wa barua ya kwanza (kama jina lake linasema kweli), aufanye mgumu zaidi, ili udai nguvu zaidi. Mwenye mkono mwepesi aulainishe, la sivyo atakandamiza mpaka vidole vimuume.

SWALI: Mhariri mpendwa, nafundisha sanaa na ninataka kujinunulia tableti. Je, nichukue yenye skrini ama isiyo nayo? Na ukubwa gani unafaa?
Mwalimu wa Sanaa

JIBU: Mwalimu, tableti yenye skrini hukuwezesha kuchora juu ya picha yenyewe, na kwa mtu aliyekulia kwenye karatasi hilo ni raha isiyohitaji kuelezwa. Lakini raha hiyo ina gharama zaidi ya bei. Kati ya ncha ya kalamu na picha kuna tabaka la kioo, na kioo kikiwa kinene, mstari huonekana kama umejitokeza pembeni kidogo mwa ncha, hasa unapotazama kwa mshazari. Bora kile ambacho kioo chake kimegandishwa moja kwa moja na paneli ya skrini. Mkono wako utaifunika sehemu ya picha. Shingo nayo itainama saa nzima usipokuwa na stendi ya kuuinua ubao. Kwenye tableti isiyo na skrini hakuna hata moja kati ya hayo: unakaa wima, unatazama mbele, na hakuna kinachoizuia picha. Wapo wachoraji wa kulipwa ambao wana uwezo wa kununua yenye skrini na bado wamebaki na ubao mtupu kwa sababu ya mgongo wao. Ushauri wangu ni kwamba aanzaye achukue isiyo na skrini, aizoee, kisha aamue akiwa anajua anachokikosa.

Ukubwa hutegemea sehemu ya mkono unayochorea. Ubao mdogo wenye eneo la kuchorea la takriban sentimita 15 kwa 10 huendeshwa na kifundo cha mkono, na unatosha kwa kurekebisha picha za kamera na kwa michoro midogo. Ukiutandaza juu ya skrini pana, mwendo mdogo wa vidole huwa mwendo mkubwa wa kishale, na utetemeshi nao hukuzwa. Wewe uliyezoea kuchora kwa kiwiko na bega utajisikia umefungwa kamba. Tafuta ubao wa kati, wenye takriban sentimita 25 kwa 15. Mkubwa kuliko huo hula meza yote, na mkono huchoka kutembea kutoka kona hadi kona.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: tafuta kalamu isiyo na betri. Ubao wa kalamu za aina hiyo hutoa uga wa sumaku, koili iliyo ndani ya kalamu huupokea na kuurudisha kama mwangwi, na kutokana na mwangwi huo ubao hujua ncha iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Kalamu huwa nyepesi, na haizimiki ukiwa katikati ya kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ncha ya kalamu yangu imekatika kama patasi baada ya miezi michache tu, na imeanza kuukwaruza ubao. Nimekosea wapi?
Msomaji wa Kila Toleo

JIBU: Hujakosea, ncha za plastiki huliwa, na huliwa haraka zaidi ubao unapokuwa na ngozi ya juu inayoiga ukwaruzo wa karatasi. Ibadilishe ncha mara ionekanapo kuwa na ukingo mkali, kwa sababu ukingo huo ndio unaoukwaruza ubao. Ncha za akiba kwa kawaida huja na kifaa, wakati mwingine zikiwa zimefichwa ndani ya kishikio cha kalamu, pamoja na kipete cha kung'olea ile iliyokwisha. Jiulize pia kama hukandamizi kuliko inavyohitajika. Ukiulainisha mchirizi wa mgandamizo, ncha itadumu, na vidole vitakushukuru.

SWALI: Mhariri, je, baada ya kununua tableti nikitupe kipanya? Tena mimi natumia mkono wa kushoto, na vitufe vya ubao wangu viko upande ambao kiganja changu hukaa.
Wa Kushoto

JIBU: Usikitupe. Michoro ya vekta, yaani ile ambayo kompyuta huihifadhi kama hesabu ya mistari badala ya pikseli, kama nembo na herufi, haijengwi kwa mkono unaoserereka. Hujengwa kwa nukta na vishikizo vya mikunjo ya Bézier, ile hesabu iliyopata umaarufu kupitia kwa Pierre Bézier alipokuwa akibuni maumbo ya magari kwenye kampuni ya Renault. Kuivuta nukta moja mpaka mahali pake hasa ni kazi ya kipanya, kwani kipanya hutulia unapokiachia, ilhali kalamu huteleza kidogo unapoinua mkono. Hali ni hiyo hiyo kwa picha zinazopangwa pikseli moja moja.

Kuhusu vitufe, uzungushe ubao nusu duara ili vihamie upande wa pili, kisha ufungue programu endeshi na uchague mkono wa kushoto. Usipofanya hatua hiyo ya pili, ukipandisha kalamu kishale kitashuka.