Jibu: Kwenye chipu inayotuma data kwa mwanga, leza ikiwaka muda wote, data inaingiaje kwenye mwanga?
Ndugu, leza yenyewe haizimwi. Anayeandika data ni kipete cha silikoni kilichokaa ubavuni mwa njia ya mwanga. Urefu wa mzunguko wake ukitoshea mawimbi kamili ya mwanga bila baki, mwanga unavutwa ndani na kupotelea humo: hiyo ni 0. Ukibadilisha volti ya kipete, chaji ndani ya silikoni inabadilika, mwendo wa mwanga unabadilika kidogo, hauvutwi tena ndani, nao unapita: 1. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Michal Lipson, Chuo Kikuu cha Cornell, lilionyesha kipete chenye kipenyo cha mikromita 12 tu! Shida kubwa ni joto. Nyuzi 1 ya Selsiasi huhamisha rangi (urefu wa wimbi) inayonaswa na kipete kwa karibu nanomita 0.1, kwa hiyo kila kipete huwekewa kihita chake cha kushikilia joto lisibadilike, na hicho kinakula umeme muda wote. Hesabu umeme huo mapema kwenye mradi wako.